Shina linalostahimili magonjwa: magonjwa gani, na sehemu gani ya mti?

Ukiulizia miche ya mapeasi Lushoto au Soni, jibu huja upesi: "Hii ni ya kubebesha, haiugui." Kauli hiyo imeshazoeleka hata kwa wakulima wazoefu, na inawatia watu hasara.

Mpeasi wa kubebesha ni miti miwili iliyounganishwa. Chini ni shina lenye mizizi, juu ni kikonyo cha aina unayotaka kuvuna. Shina huchaguliwa kwa kuangalia kimo cha mti, udongo na magonjwa.

Kinachopotoshwa ni hayo magonjwa. Hakuna shina linalostahimili "magonjwa" kwa jumla. Kila shina lina ugonjwa wake linaoumudu. Mkwinsi, ndugu wa mpeasi unaotumika sana Ulaya kama shina, huvumilia vidukari wa mizizini na huufanya mti uwe mfupi na uzae mapema. Lakini ukishambuliwa na bakteria aitwaye Erwinia amylovora, hauna ubavu.

Bakteria huyo, adui mkubwa wa mapeasi huko Marekani, ndiye anayeonyesha vizuri kosa la pili, yaani kudhani kwamba ustahimilivu wa shina huulinda mti mzima. Huingia hasa kupitia maua. Chipukizi hunyauka, ncha yake ikapinda kama mpini wa bakora, na majani huwa meusi bila kudondoka. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtafiti Reimer wa Oregon alizipata huko Illinois aina mbili zilizokuja kuwa muhimu, Old Home na Farmingdale. Kutokana na Old Home yakaja mashina yaliyopewa herufi za majina hayo mawili, kama OHxF 87 na OHxF 97, yanayomstahimili bakteria huyo vizuri.

Sasa bebesha Bartlett, aina ya peasi ya kuvuna, juu ya OHxF 87. Ugonjwa ukija, matawi ya Bartlett yataungua vilevile, maana maua ni ya Bartlett. Ustahimilivu wa shina haupandi kwenda kwenye kikonyo. Kinachosalimika ni sehemu ya chini: ugonjwa ukishuka hukwama kwenye shina, mizizi ikabaki hai, na mkulima anaweza kubebesha upya. Hiyo ni faida kubwa sana, ila ni tofauti kabisa na "haiugui".

Kwa hiyo, ndugu mkulima, muulize muuzaji shina ni la mti gani na linastahimili ugonjwa upi. Kama hajui, nunua ukijua kwamba jibu hilo hujalipata. Kisha tazama kiungo, pale mche unapopinda kidogo au kuvimba karibu na udongo. Wakati wa kupanda kibaki juu. Ukikifukia, kikonyo kinaweza kutoa mizizi yake chenyewe, na shina ulilolilipia likapoteza kazi. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo, wakati mwingine yenye miiba, yang'oe mapema: hayo ni ya shina, si ya peasi ulilonunua.