"Dokta, tumeshakichomoa"

Mwezi huu kaka wa mgonjwa mmoja alinikabidhi kisu kilichotoka kichwani mwa mgonjwa huyo, kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Kilikuwa kimeoshwa kikang'aa. "Dokta, tumeshakichomoa," akasema, kwa sauti ya mtu anayengoja kuambiwa ahsante. Mdogo wake alikuwa amelala nyuma yake, mboni ya kushoto imetanuka na haijibu mwanga. Zahanati walikoanzia alifika akiongea.

Nimeshaambiwa "tumeshakichomoa" kuhusu bisibisi, mishale, misumari, hata kipande cha nondo. Kila mara najibu kwa upole, halafu naenda thieta nimekunja sura.

Kitu kilichozama kichwani huenda kimekata mshipa na wakati huohuo kimeuziba. Ukikitoa umetoa kizibo. Watu wanawaza kidonda cha paja: damu ikitoka unaiona, unakandamiza, inakoma. Kwenye fuvu damu haina pa kutokea. Inajikusanya ndani na kuusukuma ubongo, na fuvu halitanuki. Kwa nje mnaona tundu dogo lililokauka, mnashukuru Mungu, kumbe ndani donge linakua.

Pia hakuna mkono unaochomoa kwa mstari ulionyooka. Mpini ukiyumba kidogo tu, ncha inafagia huko ndani. Mshale ndio balaa zaidi, maana miiba yake imetengenezwa ili usirudi ulikotoka.

Sisi tunakitoa mgonjwa akiwa kwenye usingizi wa dawa, damu ya kuongezewa iko tayari, picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya kichwa) imeshapigwa, na pale tunapohofia mshipa mkubwa, picha ya mishipa pia. Tunakata mfupa kukizunguka, tunafungua utando wa ubongo, kisha tunakivuta polepole huku tunatazama. Mshipa ukivuja, tunauona na kuubana palepale.

Kazi yenu ni kukiacha kisitikisike. Viringisheni kanga mbili, moja kila upande, mfunge. Damu ikitoka, bana pembeni, si juu ya kitu chenyewe. Fimbo ya mshale ikiwa ndefu haiingii garini, mtu mmoja aishike imara karibu na kichwa, mwingine aikate mbali na ngozi. Bodaboda hapana. Kama ni msumari, leteni mwingine wa pakiti ileile: chuma hutia vivuli kwenye CT na ncha hufichika, lakini nikiwa na pacha wake mkononi najua urefu. Na kama mmeshakichomoa, msikirudishe, msikioshe, msikifiche. Nileteeni kilivyo, mniambie kilizama hadi wapi.

Kero ya pili ni risasi. Hapa mambo yanageuka: wanaochomoa kisu kwa haraka ndio haohao wanaonibana nitoe risasi kwa vyovyote, "isije ikaoza humo ndani". Nimeona familia ikitaka kuuza kiwanja ili mgonjwa aliyekwisha kupona apasuliwe upya. Risasi haiozi. Ikiwa imelala kwenye kina cha ubongo, njia ya kuifuata ni kupitia ubongo usio na jeraha, na kila ninachokipita nakiharibu. Harvey Cushing, daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, aliosha na kusafisha njia yote ya risasi, akashusha vifo kutoka zaidi ya nusu ya aliowapasua hadi chini ya theluthi. Lakini huo ulikuwa wakati usio na antibayotiki wala CT. Vita vya Lebanon na vya Iran na Iraki vilitufundisha kwamba anayeleta usaha zaidi ni maji ya ubongo yanayovuja, kuliko kipande kilichobaki. Kwa hiyo tunatoa donge la damu, ngozi iliyokufa na vipande vilivyo karibu, tunashona utando usivuje, tunampa antibayotiki na sindano ya pepopunda. Risasi ikianza kuhama, hapo tutazungumza. Siku akiandikiwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku kali, aseme mapema kwamba ana chuma kichwani.

Kuna na maneno mengine ninayoambiwa kila mara. "Anaongea vizuri, ni mkwaruzo tu." Paa la tundu la jicho ni mfupa mwembamba kama ganda la yai. Mtoto akianguka na penseli ikamchoma juu ya jicho, kope inaweza kuonyesha mstari mdogo ambao nesi atautia plasta, wakati ncha imeshagusa ubongo. Apigwe CT. Akitoka maji maangavu puani au sikioni, msimzibe kwa pamba na asipenge kamasi.

"Risasi ya kichwa ni maiti." Si lazima. Gabrielle Giffords, wakati huo mbunge wa Marekani, alipigwa risasi ya kichwa Arizona mwaka 2011, risasi ikapita upande wa kushoto wa ubongo, na yuko hai. Ila sitawadanganya: iliyovuka pande zote mbili, mgonjwa hajitikisi na mboni zote mbili zimeganda, wengi tunawapoteza hata tufanye nini.

"Mchomeni deksamethasoni apunguze uvimbe." Hiyo ni dawa ya kundi la steroidi, na maneno haya nayasikia hata kwa wenzangu, ndiyo maana yananiudhi. Utafiti wa CRASH wa mwaka 2004 uliwapa steroidi nusu ya majeruhi wa kichwa zaidi ya 10,000. Ndani ya wiki mbili walikufa asilimia 21 ya waliopewa, dhidi ya asilimia 18 ya wasiopewa. Majeruhi wa kichwa hachomwi steroidi. Dawa ya degedege anapewa, kwa kawaida siku 7 za mwanzo.

Halafu uji. Karibu kila mmoja anafika ameshanyweshwa uji au maziwa "apate nguvu", wakati anakwenda kulazwa usingizi wa dawa. Akitapika, matapishi yanaingia kwenye mapafu. Kinywani asitiwe kitu, hata maji. Kiu yake tutaitibu kwa dripu.