Kabla hujachora nyumba ya kwanza: kanuni za kuchangia ramani huria za dharura

Kazi yangu kubwa siku hizi ni kuhakiki. Watu wanachora majengo na barabara kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, kutoka kwenye picha za setilaiti, nami napitia walichochora kabla hakijatumiwa na watu wa Msalaba Mwekundu, wa maafa au wa chanjo. Kila mradi mpya unapofunguliwa napata ujumbe wa aina ile ile: nataka kusaidia, nianzie wapi, na kwa nini kuna masharti mengi wakati najitolea? Ni swali la haki, na linastahili jibu refu.

Karibu masharti yote yametokana na jambo moja: unachokiweka, mtu mwingine asiyekujua lazima aweze kukihakiki. Ramani hii, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, haina mhariri mkuu. Yeyote mwenye akaunti anaweza kuibadilisha. Tetemeko lilipoibomoa Port-au-Prince tarehe 12 Januari 2010, ramani huria ya mji ule ilikuwa karibu tupu. Ndani ya siku chache mamia ya watu waliokuwa mbali kabisa na Haiti waliijaza, na waokoaji wakaipakia kwenye vifaa vyao vya GPS wakaingia nayo mitaani. Hawakuwa na nafasi ya kuuliza mtaa huu umechorwa na nani.

Twende kwenye kazi yenyewe. Katika mfumo wa kugawana kazi wa Humanitarian OpenStreetMap Team, shirika linaloratibu uchoraji wa ramani za dharura, eneo zima hukatwa miraba. Ukichukua mraba, unafungwa kwa jina lako ili mwingine asichore hapo hapo, maana mkigongana kila nyumba inaingia mara mbili. Ukimaliza unautangaza kuwa umekamilika, ndipo mhakiki anakuja. Na kukamilika ni kuupekua wote, hadi kule pembeni kwenye vichaka ambako nyumba mbili za makuti zimejificha chini ya miembe. Timu ya chanjo ikihesabu nyumba ili ijue ibebe dozi ngapi, mraba uliochorwa nusu na kutangazwa umekamilika utasomeka kama kijiji kidogo. Watu wa upande wa pili watakosa chanjo, na hakuna atakayejua sababu. Ndiyo maana nasema bila kuchoka: mraba ulioachwa wazi ni nafuu kuliko uliotangazwa umekamilika kabla ya wakati.

Majengo ya mijini kwetu yana ugumu wake. Manzese au Tandale, Dar es Salaam, paa za bati zimegusana kiasi kwamba mgeni huzizungushia umbo moja kubwa na kuandika jengo moja, kumbe ndani mna nyumba sita. Tazama kutu, tazama mwelekeo wa migongo ya paa, tafuta kivuli chembamba kinachopita katikati. Chora pale nyumba ilipokaa ardhini, usifuate kivuli. Kisha kagua kama picha yenyewe imekaa sawa, kwa kuwa picha za setilaiti huweza kusogea mita kadhaa kutoka mahali halisi. Ukikuta nyumba zote za zamani zimepishana na picha yako kwa kiasi kile kile, uwezekano mkubwa ni kwamba picha ndiyo iliyosogea. Usizihamishe nyumba, rekebisha picha ilingane na kilichopimwa na watu waliofika.

Barabara nazo huainishwa kwa kazi yake. Njia ya udongo inayounganisha miji miwili ina daraja kubwa kuliko kipande cha lami kinachoishia getini kwa mtu. Lami au udongo, hilo lina lebo yake ya peke yake.

Kuna kanuni moja ambayo haina mjadala: usinakili kutoka Google Maps wala ramani nyingine yenye hakimiliki, hata jina la kituo kimoja cha basi. Data ya OpenStreetMap iko chini ya ODbL, leseni ya data huria, tangu 2012, na kila anayeitumia anategemea kwamba hakuna kilichochukuliwa bila idhini. Kikigundulika kilichonakiliwa, hufutwa, na mara nyingi kazi halali iliyojengwa juu yake huondoka nayo. Picha tunazochorea, kama zile za Bing, zimeruhusiwa na wenyewe kwa kazi hii.

Majina hayaonekani kutoka angani. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea mitaani pamoja na wakazi, kwa sababu mafuriko ya Mto Msimbazi hayaeleweki kwa kutazama paa tu. Mtaro una upana gani, umejengwa au ni wa udongo, umeziba wapi: hayo anayajua anayeishi hapo. Mipaka ya mashina ilikuwa kichwani mwa wajumbe kuliko kwenye karatasi yoyote. Kwa hiyo mchoraji wa mbali akitofautiana na mkazi, tunamsikiliza mkazi. Usifute alichokiweka kwa sababu tu hukioni kwenye picha ya miaka mitatu iliyopita. Mwandikie, umuulize.

Kila unapohifadhi, andika maelezo ya mabadiliko yako: umefanya nini, wapi, kwa chanzo gani. Alama ya reli (hashtagi) ya mradi peke yake haitoshi. Darasa zima au kampuni ikitaka kuchora kwa pamoja, mwongozo uliopo tangu 2018 unawataka waratibu watangaze mapema, waeleze lengo lao na waweke njia ya kuwasiliana nao. Nashukuru mno waalimu wanaofanya hivyo, kwa sababu kosa la somo la kwanza hurudiwa na darasa zima kabla mhakiki hajaamka.

Yapo yasiyopaswa kuchorwa kamwe. Mkoani Mara ramani zimewasaidia wanaharakati kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji. Lakini ramani huria inasomwa na kila mtu, pamoja na ndugu anayemtafuta binti huyo ili amrudishe. Mahali anapolala hapaingii. Jina la mwenye nyumba haliingii. Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, lilikabiliwa na jambo hilo hilo kwa upande wa taarifa: anayeripoti tukio anaweza kudhurika kwa kuripoti. Ukisita kama kitu kinaweza kumweka mtu hatarini, kiache.

Orodha kubwa kutoka ofisini, kwa mfano shule zote za wilaya, usiimwage moja kwa moja. Pata ruhusa ya maandishi ya mwenye data, ieleze jamii ya wachoraji wa nchi hiyo unachokusudia, jaribu eneo dogo kwanza, na tumia akaunti ya pembeni ili ikiharibika irudishwe kwa urahisi. Nyumba na barabara zinazopendekezwa na akili mnemba ni hivyo hivyo: kila moja ipite mbele ya macho ya mtu. Nimekuta mikondo ya maji iliyokauka ikipendekezwa kuwa barabara.

Sisi wahakiki tuna wajibu wetu pia. Mchoraji mpya akirudishiwa kazi yake kwa neno “mbovu”, haonekani tena. Mimi huandika hivi: “Asante kwa kazi. Kona ya kaskazini nyumba nne zimeungana, zitenganishe kwa kufuata rangi ya bati. Zilizobaki ziko vizuri.” Wengi hurekebisha siku hiyo hiyo.

Ukitaka kuanza, chagua mradi uliowekewa alama ya wanaoanza, usome maelekezo yake mpaka mwisho, kisha uchukue mraba wenye nyumba chache. Ukikwama katikati, andika ulipoishia kwenye sehemu ya maoni, hifadhi ulichochora, na uuachie mraba bila kuutangaza umekamilika.