Pikapu la dizeli la kuvuta mzigo: manyuali au otomatiki? Dhana potofu na ukweli

Injini ishapigwa turbo kubwa, pampu ishaongezwa, sasa ubishi unahamia kwenye giaboksi.

DHANA: Manyuali haifi, otomatiki ni ya kubembeleza.

UKWELI: Hii ndo inayowaponza wengi. Angalia Ram HD za 2013 (pikapu za Kimarekani za kazi nzito), injini ni dizeli ya Cummins ya lita 6.7 ileile, ukichukua manyuali ya G56 kiwanda kinakupa toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya futi-pauni 660, ukichukua otomatiki ya Aisin unapewa 850. Kama manyuali ndo ngumu kuliko zote mbona injini ilibanwa? Na baada ya modeli za 2018 Ram wakaacha kabisa kufunga manyuali kwenye hizo gari.

Hata NV4500, ile manyuali ya gia tano inayosifiwa sana nyuma ya Cummins ya zamani ya lita 5.9, ina ugonjwa wake unajulikana: nati inayoshika gia ya tano inalegea kwenye shafti, unaendesha vizuri tu mara gia ya tano haipo. Halafu kuna klachi. Ile ya kiwandani ukiongeza nguvu inaanza kuteleza, unafunga nzito zaidi, na mguu wako ndo unalipa kila ukikutana na foleni.

Sisemi otomatiki hazifi, 47RE, otomatiki ya gia nne iliyokuwa nyuma ya hiyo 5.9, ya kiwandani ukiitwisha injini iliyoongezwa nguvu itakufa na itakufa mapema. Ila inauawa na joto na presha ndogo ya oili, konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) inateleza, klachi za ndani zinaungua, oili inanuka. Funga konvata ngumu, rekebisha valvu bodi (inayogawa oili ndani ya giaboksi) presha ipande, weka kipoza oili kikubwa, hapo itabeba mzigo mzito na raha yake ni kwamba inabadili gia bila wewe kuachia mafuta kwa hiyo busti, yaani presha ya turbo, haishuki, wakati manyuali kila ukikanyaga klachi turbo inapumua na unaanza kuijaza upya.

DHANA: Manyuali lazima ile mafuta kidogo.

UKWELI: Ilikuwa hivyo zamani. Konvata ikishajifunga (ikashika injini na giaboksi moja kwa moja) barabara kuu hakuna kuteleza tena, na otomatiki za gia sita zimepunguza sana hiyo tofauti.

DHANA: Kubadili kwenda manyuali ni kuchomoa na kuchomeka.

UKWELI: Hesabu kwanza: pedali, hidroliki ya klachi, flaiwili, kikalio cha giaboksi, propela shafti mara nyingi inabidi ikatwe au irefushwe, na kama injini ni ya kompyuta nayo inataka kuambiwa otomatiki haipo. Kwenye injini ya pampu ya kimakanika kazi inapungua, na kama nguvu hujaipandisha sana mimi hapo nakubali manyuali kabisa.

DHANA: Otomatiki haishiki mteremkoni.

UKWELI: Inashika, ukiwa na breki ya ekzosti na konvata ikabaki imefungwa. Ikifunguka, mshiko kati ya injini na magurudumu unalegea na trela inakusukuma, kwa hiyo kwenye otomatiki za zamani hakikisha huko kujifunga kwa konvata (lokapu) kunashika hata ukiachia mafuta.