"Salama kwa septiki" kwenye chupa ya dawa ya choo maana yake nini?

Fundi alipofunua mfuniko wa tangi letu, Mbezi, hakuomba chepe wala hakupiga simu ya gari la kunyonya. Alichuchumaa, akayatazama yale maji kwa muda, kisha akaniuliza, "Dada, humu mnamwaga nini?" Nikamtajia sabuni, Jik, na chupa moja ya asidi isiyo na lebo niliyouziwa mtaani nikaambiwa inang'arisha sinki la choo mpaka unajiona. Akaguna. "Basi ndiyo maana limenyamaza. Tangi lenye uhai huwa linatoa vipovu, vip, vip, kama uji unaoanza kuchemka."

Vile vipovu ni gesi, na gesi hiyo inatoka kwa bakteria walio kazini. Neno lenyewe, septiki, asili yake ni Kigiriki na lina maana ya kuozesha. Mhandisi Donald Cameron wa mji wa Exeter, Uingereza, ndiye aliyelipa tangi jina hilo miaka ya 1890, na hakukosea, maana tangi la septiki ni mahali pa kuozesha kabla ya kuwa mahali pa kuhifadhi. Uchafu ukiingia, kizito kinazama na kuwa tope, mafuta yanaelea juu na kufanya ukoko, katikati yanabaki maji yanayotoka polepole kwenda kwenye shimo la pili, la kunyonya, ambako yanazama ardhini. Bakteria wasiohitaji hewa wanalila lile tope na kulipunguza. Wakifa, au wakizubaa, tope linajaa upesi, linafuata maji hadi shimo la pili, linaziba vinyweleo vya udongo. Hapo ndipo chemba zinaanza kufurika na gari linaitwa kila baada ya miezi michache badala ya miaka.

Kwa hiyo dawa ya choo ikiitwa salama kwa septiki, maana yake ni kwamba ukiitumia kwa kipimo cha kawaida, ikifika kwenye tangi haiui bakteria kiasi cha kusimamisha kazi, na haili saruji ya tangi lenyewe. Basi. Haimaanishi kwamba haina sumu, wala kwamba mtoto akiinywa atapona. Na maneno hayo hayana kipimo kimoja kinachotambulika dunia nzima. Kiwanda kinaweza kuyaandika kwa herufi kubwa na kingine chenye dawa nzuri zaidi kisiyaandike kabisa.

Neno zito katika maelezo hayo ni kipimo. Mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, kilipima ni dawa kiasi gani inayoua bakteria wa tangi la lita 3,800 hivi. Ya klorini, kama Jik, ilihitajika kama lita 7 kwa mkupuo. Dawa kali ya kuzibua mabomba, ile yenye kostiki, ilihitajika kidogo mno. Baada ya siku mbili tatu bakteria walikuwa wamerudi. Ukisoma hivyo unaweza kupumua: kifuniko kimoja cha Jik kwa wiki hakitaua tangi, kwa sababu klorini nyingi inaishia kwenye uchafu wa sinki na bomba kabla haijafika.

Lakini hesabu hiyo ilifanyika kwingine. Hapa Dar es Salaam nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la majitaka, na matangi ya uani mara nyingi ni madogo. Kwa tangi la lita 1,500, zile lita 7 zinashuka hadi chini ya 3, na sisi klorini tunainunua kwa dumu la lita 5. Halafu kuna suala la zamu. Nyumba yenye wapangaji sita na choo kimoja, kila mmoja zamu yake ikifika anataka ionekane kwamba na yeye amesafisha, na njia rahisi ya kuonekana ni harufu. Anamwaga mpaka ukumbi mzima unanuka hospitali. Kesho ni zamu ya mwenzake. Hakuna aliyezidisha, ila tangi halikupata zile siku mbili tatu za kurudisha bakteria wake. Ongeza kwamba choo cha kumwagia maji kwa kopo hakina maji mengi ya kuizimua hiyo dawa. Nadhani hilo ndilo lililotupata sisi, kuliko chupa yoyote peke yake.

Ukienda dukani, geuza chupa usome nyuma. Asidi ya haidrokloriki ipo kwenye dawa nyingi nzito za choo, Harpic ikiwemo, na kwa dozi ya lebo haina shida kubwa. Shida ni ile ya mtaani, iliyowekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ambayo huijui ukali wake. Inakula saruji, na kabla ya hapo inakula ule mng'ao wa sinki. Sinki likishakwaruzika, madoa yanashika haraka zaidi, nawe unaongeza asidi. Sodiamu haipokloriti ndiyo klorini: kidogo, mara moja kwa wiki, na si ile ya vidonge vinavyoning'inizwa vikatoa klorini kila unapovuta maji. Kostiki iepuke kabisa. Bomba likiziba, tumia pampu ya mpira au mwite mtu mwenye waya. Benzalkoni kloridi, inayokaa kwenye dawa za kuua vijidudu, inanitia wasiwasi kuliko klorini kwa sababu haiishi nguvu upesi. Chupa inayojisifu kuua asilimia 99.9 ya vijidudu haina namna ya kuwatambua wale wako ikawaruka.

Alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, itafute, maana inakuambia bidhaa imefikia viwango. Haizungumzii tangi lako.

Kwa doa la manjano linaloachwa na maji ya kisima, yale ya chumvi, sihitaji tena asidi. Nachukua ndimu ya unga, vijiko vitatu vya chakula, naiyeyusha kwa maji moto kidogo, naimwaga usiku watu wakishalala, asubuhi nasugua kwa brashi. Siki nayo inafanya, ila polepole. Zote mbili bakteria wanazivunja kama chakula. Doa la miaka mingi litataka kurudiwa usiku tatu au nne. Usikate tamaa mara ya kwanza.

Hapa kuna jambo lisilohusu septiki lakini siwezi kuliruka. Usichanganye klorini na asidi, hata hiyo ya ndimu, wala usimwage moja juu ya nyingine kabla hujasuuza kwa maji mengi. Inatoka gesi ya klorini, na bafu zetu zina kadirisha kamoja juu ukutani. Klorini juu ya mkojo uliolala nayo hutoa gesi inayowasha macho na kifua.

Kuhusu ule unga wa kurudisha bakteria unaouzwa kwa vipakiti, tangi linalotumika kila siku linaletewa bakteria kila mtu anapoingia chooni. Sikuununua. Kumwaga mafuta ya taa tangini ili kuua mbu pia nimeacha. Ukitaka kuwazuia mbu, funga wavu kwenye bomba la kutolea hewa. Na dawa, hata iwe salama kiasi gani, haitaokoa tangi linalotupiwa pampasi, pedi na mafuta ya kukaangia.

Fundi alirudi baada ya wiki tatu, akafunua, akanionyesha kwa kidole bila kusema. Pembeni, karibu na bomba la kuingilia, kipovu kimoja kilipanda, kikapasuka. Kikafuata kingine.