Kesi ya Unix: nani hasa alimwibia nani?

Hadithi inayozunguka ni fupi: wasomi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliiba msimbo chanzo wa Unix, mfumo endeshi wa kompyuta wa kampuni ya simu ya AT&T, wakaburutwa mahakamani, wakashindwa, Linux, mfumo endeshi huru unaofanana na Unix, ikachukua nafasi. Inasimuliwa vizuri, ila karibu kila kipande chake kina walakini.

"Zamani Unix ilikuwa ya bure."
Ilikuwa rahisi, si ya bure. Tangu 1956 AT&T ilifungwa na makubaliano na serikali ya Marekani yaliyoizuia kufanya biashara nje ya mawasiliano. Kwa hiyo Unix, iliyozaliwa Bell Labs, maabara ya AT&T, mwaka 1969, vyuo viliipata kwa ada ndogo, msimbo wote ndani, baada ya kutia saini leseni ya kutunza siri. Toleo la saba la 1979 likaja na leseni iliyokataza kuufundishia msimbo huo darasani. Wanafunzi wakabaki na maelezo ya msimbo wa toleo la awali yaliyoandikwa na mhadhiri John Lions wa Australia, yaliyopita mkono kwa mkono kwa fotokopi. Andrew Tanenbaum, huko Amsterdam, aliamua kuandika Minix, mfumo wake mdogo unaofanana na Unix, ili apate cha kufundishia.

"Berkeley walinakili tu."
Hapa ndipo watu wanawakosea haki. Kabla ya Net/2, toleo la 1991 la Unix ya Berkeley (BSD), Keith Bostic wa Berkeley aliwaomba watu kwenye intaneti waandike upya programu za Unix, moja baada ya nyingine, kwa kufuata maelezo ya kazi yake bila kuchungulia msimbo wa AT&T. Ujira wao? Jina kutajwa. Kiini cha mfumo nacho kilipekuliwa faili kwa faili, na faili 6 zilizoshindikana kusafishwa zikaachwa nje. Bill Jolitz akaziandika upya, na ndiyo ikawa 386BSD, mfumo kamili wa kompyuta ndogo.

Kampuni ya BSDi nayo ikauza mfumo mzima uliojengwa juu ya Net/2, msimbo ukiwemo, kwa dola 995, na kutangaza namba ya simu ambayo herufi zake zinasomeka ITS-UNIX. Uchokozi wa wazi, ukiniuliza. Aprili 1992 USL, kampuni tanzu ya AT&T, ikafungua kesi New Jersey, na baadaye ikakiunganisha Chuo Kikuu cha California kama mdaiwa.

Machi 1993 Jaji Dickinson Debevoise alikataa kutoa zuio la muda. AT&T ilikuwa imesambaza 32V, toleo la Unix ambalo kazi ya Berkeley ilitokana nalo, bila tangazo la hakimiliki, wakati sheria ya enzi hizo ililidai. Jaji akaona USL haielekei kuweza kuitetea hakimiliki hiyo. Kisha chuo nacho kikaishtaki USL huko California: System V, toleo la Unix la AT&T yenyewe, ilikuwa na msimbo wa Berkeley, bila shukrani ambazo leseni ilizitaka. Mdai akawa mdaiwa.

"AT&T ilishinda."
Hakuna hukumu iliyotolewa. Kampuni ya programu ya Novell iliinunua USL mwaka 1993, na mapema 1994 pande zote zikapatana. Kati ya faili takriban 18,000 za Net/2, zilizoondolewa ni 3. Nyingine kama 70 zikaongezewa tangazo la hakimiliki la USL. Masharti yalifichwa hadi 2004, ndiyo maana uvumi ulipata muda wa kuota mizizi.

"Kesi ndiyo iliyozaa Linux."
Tarehe zinakataa. Linus Torvalds, muundaji wa Linux, aliitangaza kazi yake Agosti 1991, miezi minane kabla ya kesi. Ni kweli aliwahi kusema kwamba 386BSD ingekuwepo alipoanza, pengine Linux isingekuwepo. Lakini hapo kilichochelewa ni programu, si mahakama. Madhara ya kesi yalikuja baadaye: hofu kwa watumiaji, na FreeBSD, mfumo huru uliotokana na 386BSD, kulazimika kujijenga upya juu ya 4.4BSD-Lite, toleo la Berkeley lililosafishwa baada ya mapatano, hadi toleo lake la 2.0 likatoka Novemba 1994.

"SCO ndiyo mmiliki wa Unix."
Kampuni hiyo ya programu ilidai hivyo, ikaishtaki IBM mwaka 2003 na kuwataka watumiaji wa Linux wanunue leseni zake. Machi 2010 baraza la wazee wa mahakama huko Utah liliamua kwamba hakimiliki za Unix hazikuwahi kutoka mikononi mwa Novell.