Siku ya kimataifa shuleni: maana yake na inavyoingia katika masomo

Siku ya kimataifa ni siku moja ya masomo ambayo shule nzima ya sekondari, au angalau kidato kizima, hufuata mada moja inayovuka mipaka ya nchi, kila mwalimu akiifundisha kwa jicho la somo lake. Vipindi vinabaki vipindi. Wa hisabati anapiga hesabu, wa kemia yuko maabara, wa historia anachambua vyanzo. Tofauti ni kwamba siku hiyo wote wanalizungumzia jambo moja, na mwanafunzi anatoka darasa hili kwenda lile akiwa na swali lilelile.

Wengi wakisikia jina hilo huona bendera ukutani, mavazi ya nchi mbalimbali, ngoma na picha nyingi. Hilo ni tamasha la utamaduni. Tamasha lina raha yake na sina ugomvi nalo, ila mwanafunzi anaweza kulimaliza akiwa amevaa vazi la nchi fulani bila kujua nchi hiyo inahusianaje na nyingine yoyote. Siku ya kimataifa inahoji mahusiano hayo: nani anamuuzia nani, watu walihama kutoka wapi kwenda wapi na kwa nini, maji ya mto unaopita nchi mbili yanagawanywaje, nani anafaidi na nani anabeba hasara.

Shule nyingi huiweka kwenye tarehe ambayo tayari imetengwa duniani. Tarehe 24 Oktoba ni Siku ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Mkataba wa umoja huo ulianza kutumika tarehe hiyo mwaka 1945. Ipo 21 Februari ya lugha mama, 14 Machi ya hisabati, 22 Machi ya maji, na 7 Julai ya Kiswahili, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Tarehe husaidia kutangaza, basi. Ikiangukia wiki ya mitihani, iachwe.

Kazi kubwa iko kwenye mada. “Dunia yetu” au “Umoja wa binadamu” ni mada pana mno. Mwalimu wa fizikia hana pa kushika, na wa fasihi anaishia kuomba mashairi ya amani. Mada inayofaa huwa ndogo, inashikika mkononi, na inabeba swali. Chukua shati la pamba, kwa mfano, na swali hili: limepita nchi zipi, na nani amelipa gharama yake?

Kipindi cha kwanza ni jiografia. Mwalimu ana boksi la nguo zilizokusanywa mapema bila majina ya wenyewe, maana si kila mtoto atapenda shati lake ligeuzwe mbele ya wenzake. Wanafunzi wanakaa wawiliwawili, wanakunja kola, wanasoma lebo, wanabandika kitone kwenye ramani. Bangladesh, China, Vietnam, India, Uturuki. Zisizo na lebo nazo zinahesabiwa. Kisha mwalimu anauliza lebo inasema nini hasa, na hapo darasa huamka: inataja nchi lilikoshonwa shati, lakini haisemi pamba ililimwa wapi wala uzi ulisokotwa wapi. Pamba inaweza kuwa imelimwa Marekani au Brazil, ikavuka bahari na kuwa kitambaa, ikavuka tena ikiwa nguo.

Hesabu ya vitone inahamia kwenye hisabati: asilimia, chati ya duara, umbali kwa kutumia skeli. Ikiwa ramani ya ukutani ni ya Mercator, yaani ile inayovuta na kukuza nchi zilizo karibu na ncha za dunia, mwalimu ana bahati. Kwenye ramani hiyo Greenland inaonekana kuwa na ukubwa sawa na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland kama mara 14. Kwa hiyo rula itadanganya, na kueleza kwa nini inadanganya ni somo zuri la hisabati kuliko chati ya duara yenyewe.

Biolojia haihitaji kujilazimisha. Pamba inayolimwa duniani ni ya spishi nne. Mbili asili yake ni bara la Amerika, na mbili ni za upande wa Afrika na Asia. Watu wasiojuana, mbali na mbali, waliugeuza mmea wa porini kuwa uzi. Pamba hiyohiyo inarudi jiografia kwa sura mbaya: Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikuwa miongoni mwa maziwa makubwa kabisa duniani, ikasinyaa baada ya maji ya mito Amu Darya na Syr Darya kuelekezwa kwenye mashamba, hasa ya pamba, kuanzia miaka ya 1960.

Kemia inachukua rangi. Mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18 huko London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akapata rangi ya zambarau iliyofungua njia ya viwanda vya rangi bandia. Maabara, wanafunzi wanachovya kipande cha pamba na cha poliesta, kitambaa cha nyuzi za kiwandani, katika rangi moja ya mimea, wanasuuza, wanalinganisha. Cha poliesta karibu hakishiki kitu. Kwa nini? Kipindi kimeshajaa.

Historia ina mengi kuliko muda. Ikibidi kuchagua, ningechukua vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Bandari za Kusini zilifungwa, pamba iliyolimwa na watumwa ikaacha kufika Uingereza, viwanda vya nguo vya Lancashire, huko huko Uingereza, vikasimama, na wakulima wa Misri na India wakaongeza mashamba. Vita vya nchi moja viliamua mazao ya nchi nyingine mbili. Uraia unafuata na tarehe ya karibu zaidi: 24 Aprili 2013, jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji. Mwaka huohuo kampuni za nguo na vyama vya wafanyakazi zilitia saini makubaliano ya usalama wa majengo. Mdahalo wa nani wa kulaumiwa unaweza kuachiwa mwalimu wa lugha.

Muziki? Usilazimishwe. Somo lisilo na la kusema kuhusu shati liendelee na ratiba yake, kuliko kutunga wimbo wa pamba ambao hakuna aliyeuhitaji.

Ugumu unakuja kwenye ratiba. Kama hisabati inategemea hesabu ya jiografia, mkondo wenye hisabati asubuhi na jiografia mchana utakwama. Ama mwalimu wa taaluma aifumue ratiba kwa siku hiyo, ama mikondo yote ipewe hesabu ya vitone iliyoandaliwa kabla. Njia ya pili ni nyepesi, ila inamnyima mwanafunzi ile hali ya kutumia kitu alichokipata mwenyewe saa moja iliyopita. Mimi ningefumua ratiba. Walimu nao hulalamika kupotezewa vipindi, na wana haki, ikiwa wanaombwa kubuni kitu kipya. Waombwe walete mada iliyomo tayari kwenye muhtasari wa muhula huo. Asilimia, spishi na uchumi wa karne ya 19 vingefundishwa hata hivyo.

Jambo moja la kuepuka kwa nguvu zote: mwanafunzi ambaye wazazi wake wametoka nchi nyingine asigeuzwe balozi. Hajaombwa kuijua Bangladesh nzima, na pengine hajawahi kufika. Vilevile washonaji wasionekane kama watu wa kuhurumiwa tu. Wana vyama, wamegoma, wamedai mishahara, na hayo yamo kwenye historia yao.

Kila mwanafunzi hutembea na karatasi moja siku nzima, akiandika mistari michache mwisho wa kila kipindi. Kipindi cha mwisho anajibu lile swali la asubuhi kwa ukurasa mmoja, akitumia ushahidi kutoka masomo matatu au zaidi. Walimu wakikuta majibu yote yanafanana, wajue mada ilikuwa na jibu moja tangu mwanzo, na mwaka unaofuata watafute nyingine.