Vichocheo vya Awali na Moyo wa Kujitolea kwa Wanafunzi: Dhana Potofu na Ukweli

Mvua zinapokaribia Dodoma, viongozi wa vikundi vya wanafunzi huanza kutafuta watu wa kupanda miti au kufundisha masomo ya ziada katika shule za pembezoni mwa mji. Siku hizi katika vikao vya maandalizi husikika hoja kwamba picha fulani ukutani, au neno fulani katika ujumbe wa WhatsApp, humwandaa mwanafunzi kifikra bila yeye kujua, kisha atajitolea tu. Hivyo ndivyo wengi wanavyoelewa kile kinachoitwa vichocheo vya awali. Vichocheo hivyo, yaani neno au picha inayotangulia na kugusa jinsi mtu anavyopokea kinachofuata, vipo, lakini vimezungukwa na imani zinazopoteza nguvu za vijana wenye nia njema.

Dhana: Ujumbe uliofichwa humwendesha mtu hata asipotaka.

Imani hii ilienezwa sana na James Vicary, mtaalamu wa masoko wa Marekani, aliyetangaza mwaka 1957 kwamba maneno yaliyopitishwa kwa kasi mno kwenye skrini ya sinema yaliongeza mauzo ya bisi na soda. Mwaka 1962 alikiri kwamba hakuwa na takwimu za kutosha. Kilichothibitishwa vizuri ni kidogo zaidi: mtu akisoma neno "mkate", hulitambua upesi neno "siagi" linalofuata, kama wanasaikolojia Meyer na Schvaneveldt walivyoonyesha mwaka 1971. Kutambua neno upesi ni jambo moja. Kuamka alfajiri ya Jumamosi kubeba ndoo za maji hadi kwenye miche ni jambo jingine kabisa.

Dhana: Majaribio yameshamaliza ubishi.

Mwaka 1996 mwanasaikolojia John Bargh na wenzake waliripoti kwamba wanafunzi waliopewa maneno yanayohusu uzee walitembea polepole zaidi. Watafiti wa Brussels walipolirudia jaribio hilo mwaka 2012, matokeo hayo yalijitokeza pale tu wasimamizi walipoaminishwa kwamba washiriki watatembea polepole. Mwaka huohuo Daniel Kahneman, mshindi wa Tuzo ya Nobel, aliwahimiza watafiti wa vichocheo vya awali wayarudie majaribio yao.

Dhana: Mwanafunzi akikumbushwa wema, atatenda wema.

Hapa ndipo ninapowaomba waandaaji watulie zaidi. John Darley na Daniel Batson, katika utafiti wao wa mwaka 1973, waliwatuma wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, Marekani, kwenda jengo jingine kutoa hotuba fupi. Baadhi waliandaa hotuba kuhusu Msamaria Mwema, yule wa Biblia aliyemsaidia mtu aliyejeruhiwa njiani, wengine kuhusu ajira. Njiani kila mmoja alimpita mtu aliyejiinamia mlangoni, akikohoa. Kuwa na habari ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana katika kusaidia. Kilicholeta tofauti kilikuwa haraka: kati ya wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walisaidia, kati ya waliokuwa na haraka kubwa, asilimia 10 tu. Nadhani hakuna matokeo yanayotuhusu zaidi ya haya. Katika Chuo Kikuu cha Dodoma, ambako ndaki zimetawanyika na mwanafunzi hutoka kipindi kimoja akikimbilia kingine juani, kumwita mkatili kwa sababu amepita meza ya kujiandikisha bila kusimama ni kumwonea.

Dhana: Kadiri shujaa anayetajwa alivyo mkubwa, ndivyo wengi watakavyojitokeza.

Leif Nelson na Michael Norton walichapisha mwaka 2005 utafiti ambamo wanafunzi waliofikiria sifa za mashujaa kwa ujumla walikuwa tayari zaidi kujitolea, ilhali waliomfikiria Superman peke yake utayari wao ulipungua, kwa kuwa walijilinganisha naye wakajiona hawafikii. Utafiti huo ni wa kabla ya wimbi la watafiti kurudia majaribio ya zamani ili kuona kama matokeo yatajitokeza tena, kwa hiyo usifanywe kanuni. Hata hivyo, unatosha kumfanya mwandaaji asite kabla ya kujaza bango picha ya mtu mashuhuri, na afikirie kuweka picha ya wanafunzi wa mwaka wa pili wakichimba mashimo.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu maneno ya bango, kikundi kiangalie ratiba ya mitihani midogo ya darasani, kipange siku isiyo na vipindi, kiseme wazi kazi itaanza na kuisha saa ngapi na usafiri utatoka wapi, kisha kila mjumbe awafuate wenzake wa darasani na kuwaomba ana kwa ana.